Baiskeli ya ndizi nayo inadai njia yake

KABLA jua halijapanda vizuri juu ya Ziwa Victoria, barabara inayotoka Muleba kuelekea Bukoba huwa tayari ina watu. Wapo wanafunzi wanaowahi namba, wapo akina mama wenye vikapu kichwani, na wapo wanaume ambao kwa mbali huwaoni wao wala baiskeli zao, unaona mikungu ya ndizi inayotembea. Ukisogea ndipo unapomwona mwenyewe ubavuni mwa mzigo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo aliyoifunga nyuma ya tandiko ili asilazimike kuinama anaposukuma.

Mikungu hiyo ndiyo inayouzwa masokoni Bukoba, na mingine hupelekwa bandarini kwa safari ya Mwanza. Meli ya Mv. Victoria iliporejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, wafanyabiashara wa ndizi wa Bukoba na Kemondo walikuwa miongoni mwa waliofurahi zaidi. Meli inazungumzwa bungeni, bandari inazungumzwa bungeni, hata lori lina chama cha kulisemea. Baiskeli iliyoutoa mkungu kibanjani, ikaupandisha kilima na kuushusha hadi barabarani, haina wa kuisemea.

Makala haya yanaangalia baiskeli hiyo kama chombo cha biashara ya kilimo kinachotumia barabara ambayo haikuchorwa kwa ajili yake. Aidha, yanaangalia jambo ambalo kwa macho ya wengi ni burudani tu, yaani mbio na misafara ya baiskeli, na namna linavyoweza kumsaidia mkulima wa Bukoba na Muleba kuidai njia yake.

Kilo 180 zikiteremka

Tuanze na hesabu rahisi ambayo mchuuzi yeyote anaweza kuifanya. Chukua mikungu minne ya kilo 25 kila mmoja, hiyo ni kilo 100. Baiskeli yenyewe, ile nzito ya chuma yenye keria pana nyuma, iwe kilo 20. Mwenye baiskeli awe na kilo 60. Jumla ni kilo 180, na zote zinasimamishwa na vipande vya mpira vinavyobana rimu.

Mahali pakavu na tambarare breki hizo hufanya kazi yake. Lakini Kagera si Shinyanga. Kule Usukumani nchi imelala, ndiyo maana Shinyanga na Kahama baiskeli za kubeba abiria zilishamiri kiasi cha kuitwa daladala. Huku kwetu nchi ni ya migongo. Kijiji kiko juu, bonde liko katikati, soko liko mgongo wa pili au chini kando ya ziwa. Anayetoka uwanda wa juu wa Kamachumu kufuata barabara kuu ana mteremko wa kumtisha hata mwenye gari. Mji wa Bukoba nao umekaa chini, kando ya maji, na anayeuingia kutoka upande wa Ihungo anajua vilivyo maana ya kuteremka na mzigo.

Ongeza mvua. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Rimu ikilowa, mpira wa breki huteleza badala ya kubana, na baiskeli huendelea na safari yake hata kama mwenyewe ameshabadili mawazo. Wazoefu hushuka na kutembea, wakaizuia kwa mwili. Wengine, hasa vijana wenye haraka ya kuwahi bei ya asubuhi, hukaa juu na kutegemea soli ya kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi la nyuma.

Mgongano nao una hesabu yake. Nguvu ya chombo kinachokwenda hukua kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nguvu karibu mara tatu ya gari hilo hilo likiwa kwenye kilomita 30. Ndiyo maana wataalamu wa usalama barabarani dunia nzima wanasisitiza kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli. Sheria yetu inaruhusu 50 katika maeneo ya makazi, na kila anayeishi kando ya barabara kuu anajua kwamba hata hiyo 50 haiheshimiwi.

Lami ililleta soko, ikaleta na kasi

Si haki kuilaumu lami. Wanaokumbuka barabara ya Bukoba kabla haijawekewa lami wanakumbuka malori yaliyolala kwenye matope na ndizi zilizoivia njiani. Katika miaka ya 2000 lami ilitoka mpakani Mutukula ikapita Bukoba hadi Muhutwe, na baadaye ikaendelea kupitia Kagoma na Muleba hadi Lusahunga, ambako inaungana na barabara ya kwenda Rwanda na Burundi. Tangu hapo mazao yanafika haraka, mgonjwa anafika hospitali haraka, na mbolea inashuka hadi vijijini.

Lakini kwenye barabara ya vumbi gari na baiskeli vilikuwa na mwendo unaokaribiana. Mashimo yaliwasawazisha wote. Lami ilipokuja, gari liliongeza mwendo, baiskeli ikabaki na mwendo wake, na vyote viwili vikaendelea kutumia upana ule ule. Mwenye ndizi naye hataki kurudi kwenye vumbi, kwa sababu lami haitoboi tairi na haimchoshi. Kwa hiyo yupo pale, nusu mita kutoka kwenye mstari wa pembeni, akisikiliza honi nyuma yake. Akisogea zaidi pembeni, bega la barabara pengine limemomonyoka na kuacha ngazi kati ya lami na udongo. Gurudumu likishuka ngazi hiyo na kilo 100 nyuma, usukani hauzuiliki.

Zikaja pikipiki. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipohalalisha bodaboda kubeba abiria kwa leseni, pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya baiskeli, abiria na hata mizigo. Wapo wanaodhani kwamba baiskeli basi inakufa yenyewe na hakuna haja ya kuijengea njia. Pikipiki hunywa petroli kila siku, iwe mzigo umelipa au haukulipa, na bei ya petroli haiulizi bei ya mkungu. Baiskeli hunywa jasho, na jasho kwa mkulima mdogo ndiyo mtaji pekee usiokopwa. Aidha, mwenye mikungu miwili au debe tatu za kahawa ya maganda za kupeleka chama cha msingi hawezi kukodi pikipiki kila mara na bado akabaki na faida. Kwa hiyo baiskeli itakuwapo.

Na ikumbukwe kwamba kwa familia ya namna hiyo ajali moja haiishii kwa majeruhi. Mguu ukivunjika wakati kahawa inaiva, kahawa haingoji mguu upone. Hapo ndipo wanapoingia wanunuzi wa butura, wale wanaonunua kahawa ikiwa bado maua mtini kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Mkoa umepiga vita butura kwa amri na kwa mikutano, na ni vema. Lakini butura ina mlango wake, na mlango huo ni shida ya ghafla inayohitaji fedha leo. Barabara inayovunja miguu ya wachukuzi ni mojawapo ya shida hizo.

Mkoa huu unaujua msiba. Mei 21, 1996 Mv. Bukoba ilizama karibu na Mwanza na watu wapatao mia tisa wakapotea. Nchi nzima ilisimama. Wanaokufa barabarani hufa mmoja mmoja, Jumanne huyu, Ijumaa yule, na kila mmoja huzikwa na kijiji chake. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki.

Ukigongwa una haki gani?

Hapa tuachane kidogo na barabara, kwa sababu jambo hili wasomaji wengi wa vijijini hawaelezwi. Kila gari na pikipiki inayotembea barabarani Tanzania inatakiwa kisheria kuwa na bima, angalau ile ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu maana yake ni wewe unayegongwa. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kumlinda mwenye gari peke yake, imewekwa ili aliyeumizwa, au familia ya aliyefariki, iweze kudai fidia kutoka kampuni ya bima. Mwendesha baiskeli anahusika kama mwenda kwa miguu anavyohusika.

Tatizo ni kwamba wengi humalizana palepale. Dereva anatoa noti chache za kununulia dawa na tyubu mpya, wazee wanasema yaishe, kila mmoja anashika njia yake. Baada ya wiki mbili mguu unaoza. Ukigongwa, hakikisha mtu anaandika namba ya gari, ripoti ifike polisi, na PF3 ichukuliwe kwa ajili ya matibabu. Bila taarifa ya polisi hakuna kampuni itakayokusikiliza. Ni kweli safari za kufuatilia zinachosha, na mtu wa Nshamba au Kamachumu atajiuliza kama nauli haitazidi anachodai. Chama cha msingi au kikundi cha wachukuzi kinaweza kumteua mtu mmoja mwenye kuelewa karatasi akawa anawasaidia wenzake. Gharama yake ni ndogo kuliko mchango wa msiba.

Kwa upande wake mwendesha baiskeli naye ana wajibu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua kama mtumiaji halali wa barabara, na mtumiaji halali hatembei usiku bila taa wala kiakisi mwanga nyuma. Dinamo za zamani zilizokuwa zinasagwa na tairi zimepotea, lakini taa ndogo za betri zipo, na karatasi ya kuakisi mwanga inayobandikwa kwenye madigadi haimfilisi mtu. Ajabu ni kwamba mzigo wenyewe mara nyingi ndio unaoficha kiakisi. Mikungu ikining'inia hadi chini, taa ya baiskeli inamulika ndizi.

Mbio zinazozaa barabara

Sasa turudi kwenye michezo. Kanda ya Ziwa ina desturi ya mbio za baiskeli. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya simu ya Vodacom ilidhamini mashindano makubwa Mwanza, ya wanaume na wanawake, na mchezo huo una chama chake cha taifa, CHABATA. Watu hujaa barabarani kuangalia. Mshindi hupewa fedha na picha yake hutoka gazetini. Kesho yake malori hurudi kwenye barabara ile ile na hakuna kilichobadilika. Hayo si makosa ya waandaaji, hawakuahidi zaidi ya mbio.

Jirani zetu Rwanda walikwenda hatua ya pili. Mwaka 2006, Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji maarufu wa baiskeli, alianzisha mradi wa kuwapatia wakulima wa kahawa baiskeli maalumu za mizigo, ndefu kwa nyuma, zenye gia za kupandia milima na uwezo wa kubeba magunia ya buni mbivu hadi kiwandani kabla hazijaharibika. Buni ikichelewa kufika kiwandani inaanza kuchacha na ubora unashuka, kwa hiyo muda wa kusafirisha ni fedha. Pamoja na mradi huo yakaandaliwa mashindano ambayo baiskeli za mbao zilizochongwa na wanakijiji zilipewa mbio zao. Kutoka vuguvugu hilo ikazaliwa timu ya taifa. Mwaka 2009 mbio za kuzunguka Rwanda ziliingia kwenye kalenda ya shirikisho la kimataifa, mwaka 2012 Adrien Niyonshuti akashindana Olimpiki ya London, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Jambo la kujifunza si medali. Kigali hiyo hiyo, tangu mwaka 2016, imekuwa ikifunga baadhi ya barabara zake kwa magari asubuhi za siku maalumu za mwezi ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Watu wakishaonja barabara isiyo na hofu, hata asubuhi moja, wanaanza kuuliza kwa nini siku nyingine haiwezekani.

Dar es Salaam nako kuna Umoja wa Wapanda Baiskeli, UWABA, ambao huandaa msafara wa baiskeli mjini kudai njia salama. Hao hawashindani nani wa kwanza. Wanakwenda pamoja, pole pole, wakiwa wengi, ili wenye magari na wenye kupanga barabara waone kwamba hawa watu wapo. Barabara ya mabasi yaendayo haraka ilipoanza kutumika Mei 2016, baiskeli zilitengewa njia yake pembeni. Kwamba bodaboda na wauza bidhaa wameivamia mahali pengi ni kweli, na ni somo pia: njia ikishajengwa inahitaji wenyewe wa kuilinda.

Wanaodhani haya ni mambo ya nchi zilizoendelea waangalie zilianzaje. Uholanzi, ambayo leo kila mtu anaitaja kwa baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza zaidi ya watu 3,000 barabarani, wakiwamo zaidi ya watoto 400. Wazazi walitoka barabarani na baiskeli zao, wakafunga mitaa, wakadai. Njia zile nyingi tunazoziona kwenye picha zilijengwa baada ya hapo.

Zawadi iwe kivuko

Bukoba na Muleba hazina haja ya kuiga Uholanzi wala Kigali, kwa sababu mfano mzuri kuliko yote uko hapa hapa Kagera. Taasisi ya Jambo Bukoba, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Clemens Mulokozi, imekuwa ikiandaa mabonanza ya michezo ya shule za msingi mkoani. Shule inayoshinda haipewi kikombe cha kuweka kabatini peke yake. Hupata mradi: vyoo, maji, madarasa, na jamii inayozunguka shule huchangia sehemu yake. Mtoto anakimbia, kijiji kinapata choo.

Fikiria mbio za baiskeli kwa utaratibu huo. Kata zinashindana. Kuna mbio za vijana wa baiskeli nyepesi, sawa, lakini mbio kuu ziwe za mzigo: keria ya kawaida, mikungu iliyopimwa kwenye mizani mbele ya watu, mwendo wa kupanda na kusukuma. Kuteremka kusihesabiwe muda, ili tusimzike mshindi. Kata inayoshinda ipate kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule au soko lake, au mita mia kadhaa za bega la barabara lililojazwa na kushindiliwa, au mahali pa kupumzishia mizigo katikati ya mlima. Mshindi mwenyewe apewe breki mpya na tyubu, na mbuzi asikosekane.

Ni vitu vidogo, lakini vina ushahidi. Katika miaka ya 1990 mradi wa majaribio uliosimamiwa na Benki ya Dunia ulijenga vivuko vilivyoinuliwa na njia za baiskeli Temeke na Morogoro, huku watumiaji wenyewe wakikaa kwenye kamati kusema ni wapi panapowaumiza. Miaka ya karibuni shirika la Amend limekuwa likirekebisha njia kuzunguka shule za msingi Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika kwa matuta, vivuko, vizuizi na njia za miguu. Utafiti ulionyesha majeruhi wa wanafunzi kwenye maeneo hayo walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Tuta na rangi nyeupe si teknolojia ngeni.

Ardhi nayo ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Watu wamevunjiwa nyumba na kufyekewa migomba kwa sababu ya mita hizo. Ni halali yao kuuliza kwamba katika mita 30 zilizoachwa wazi, inashindikana vipi kupata mita 2 za kusukumia baiskeli.

Wa kuulizwa wanajulikana. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Zile za ndani, zinazotoka vijijini kukutana na lami, ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Mara nyingi ajali hutokea pale zinapokutana, kwa sababu mteremko wa kijijini unamtupa mwenye baiskeli moja kwa moja kwenye barabara ya malori, na kila wakala huona makutano hayo ni ya mwenzake. Kata inayopeleka maombi iandike barua mbili.

Wasichana wasiachwe nyuma

Kuna suala ambalo haliepukiki. Katika vijiji vingi vyetu mwanamke juu ya baiskeli bado ni jambo la watu kugeuza shingo. Anabeba ndizi kichwani, anabeba kuni, anabeba mtoto, lakini chombo ambacho kingebeba vyote vitatu ni cha mume. Zambia walifanya utafiti kwa wasichana wa shule waliopewa baiskeli imara: utoro ulipungua kwa asilimia 28, na muda wa kwenda shule ukapungua kwa karibu theluthi moja. Sasa mzazi wa Muleba atamruhusu vipi binti yake aendeshe baiskeli kwenda shule ya kata kama barabara yenyewe inamtisha hata yeye? Mila tunazilaumu sana, lakini wakati mwingine baba anayekataa anaogopa lori tu. Mbio za wasichana ziwepo, na ziwe mchana kweupe, mbele ya hao hao akina baba.

Kuhesabu kwanza

Swali la mwisho ni wakati. Siku ya Baiskeli Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, ni Juni 3. Ni tarehe nzuri kwa hotuba, ila kwa Kagera inaangukia msimu wa kahawa ukiwa unaanza, na mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai mosi. Anayeomba kivuko Juni 3 anaomba wakati bajeti imeshafungwa.

Nane Nane ingefaa zaidi. Wakulima wanakuwa wamekusanyika, viongozi wa mkoa na wilaya wapo, mafundi baiskeli na wauza vipuri wanaweza kuweka mabanda, na askari wa usalama barabarani anaweza kukagua breki na kubandika viakisi badala ya kuandika faini. Kutoka Agosti hadi vikao vya bajeti vya halmashauri kuna miezi ya kutosha kupitisha ombi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Lakini kabla ya mbio kuna kazi moja isiyo na ngoma. Ofisi ya mhandisi hupanga barabara kwa hesabu, na hesabu hizo macho yake yako kwenye magari. Mtendaji wa kijiji, mwalimu mmoja na wanafunzi wanne wa darasa la sita wakikaa kwenye makutano siku tatu, mojawapo ikiwa siku ya gulio, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, wanaweza kuandika baiskeli ngapi zimepita, ngapi zilikuwa na mzigo, ngapi zilisukumwa na ngapi ziliendeshwa, na ni wapi zililazimika kutoka kwenye lami. Karatasi hiyo, ikiwa na muhuri wa kijiji, iende na barua zote mbili, na nakala moja ibaki kwa mtendaji kwa ajili ya kuhesabu tena mwaka utakaofuata.